MAONI: Sola ni safi, lakini betri ikikufa inaenda wapi?

Kabla hujapitisha kidole kwenda habari nyingine, nijibu swali moja tu. Betri ya sola pale kwenu ikikufa, inaenda wapi?

Nimeuliza watu wengi mtaani swali hili na majibu ni matatu. Kuna wanaosema iko nyuma ya mlango, imefunikwa na gunia. Kuna wanaosema walimuuzia jamaa wa skrepu. Halafu kuna wale wanaonitazama kama nimeuliza maji ya kuoga yanaenda wapi, kisha wanasema, "Sijui, fundi aliichukua."

Hakuna hata mmoja aliyesema alirudisha mahali aliponunua. Ndiyo maana naandika.

Nianze kwa kusema mimi si adui wa sola. Kazi yangu ni ya mtandaoni, na stima ikipotea saa mbili mchana ujue hiyo siku imeenda. Unakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023? Nchi karibu yote iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Baada ya hapo kila mtu niliyemjua alikuwa anauliza bei ya inveta. Kinyozi anataka sola, mama wa kuku anataka sola, jamaa wa sinema ya mtaa anataka sola. Na bei imeshuka sana: kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilianguka kwa karibu asilimia 90. Ukipita Luthuli Avenue leo, paneli zimepangwa nje ya maduka kama mikeka.

Na ukipiga hesabu ya hewa chafu, sola inashinda vizuri. Ripoti ya jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, ya mwaka 2014 ilihesabu kila kitu kuanzia kiwandani hadi mwisho. Sola ya paa ilikuwa na gramu 41 hivi za kaboni kwa kila uniti ya stima. Makaa ya mawe, gramu 820. Hiyo ni mara ishirini. Kwa hivyo mtu akikuambia eti paneli inachafua dunia kuliko makaa ya mawe, mwambie arudi kwa daftari. Watu wa Lamu hawakupigana bure hadi leseni ya kiwanda cha makaa ikafutwa mwaka 2019.

Lakini hapa Kenya kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Stima yetu ya gridi tayari ni safi kwa sehemu kubwa. Karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua lenyewe. Kwa hivyo ukiweka sola na betri kwenye keja yako hapa Nairobi ili kukwepa KPLC, huondoi makaa ya mawe popote. Unajiondolea giza na bili, na hiyo ni sababu nzuri kabisa. Sola inaokoa mazingira zaidi pale inapofukuza jenereta ya dizeli, au koroboi kwa boma ambalo nguzo ya stima haijafika. Sema hivyo basi. Usiniuzie betri kama vile ni mche wa mti.

Neno "safi" ndilo linanikera. Linatazama tu ile miaka kifaa kinafanya kazi juu ya paa. Kabla ya hapo kuna maisha, na baada ya hapo kuna maisha.

Ya kabla nitaipitia haraka. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kutengeneza paneli duniani inafanyika Uchina, na viwanda vya kuyeyusha silikoni vinakula stima nyingi, sehemu kubwa ikitoka kwa makaa ya mawe. Lithiamu ya betri, nyingine inatolewa kwenye jangwa la Atacama kule Chile, ambapo maji ya chumvi yanapampiwa kutoka ardhini na kuachwa yakauke juani, mahali ambapo maji ni shida tangu jadi. Kobalti, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi. Watu wa kule wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Wengine wanaingia mashimoni bila kofia wala glavu, na watoto wameonekana humo wakichambua mawe.

Hapo angalau una nguvu kidogo kama mnunuzi. Betri nyingi za lithiamu za nyumbani sasa ni za aina inayoandikwa LiFePO4, na hizo hazina kobalti kabisa. Soma lebo. Muuzaji asipojua ni aina gani, huyo anauza sanduku tu.

Sasa tuje kwa kile kilicho karibu na kitanda chako.

Betri ambazo watu wengi mtaani wanatumia si za lithiamu. Ni zile nzito, za risasi na asidi, kama ya gari. Nikisema risasi simaanishi ya bunduki, ingawa ni metali hiyohiyo. Betri ya saizi ya 100 inaweza kuwa na kilo 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Na usidanganywe na ile iliyofungwa vizuri ikaandikwa ni ya jeli au haihitaji kuongezwa maji. Ndani bado ni risasi na asidi. Tofauti ni kwamba haimwagiki kirahisi.

Watu wanainunua kwa sababu bei ya kuanzia ni rahisi. Shida ni maisha yake. Ukiitumia hadi ikaisha kila usiku, inavumilia mizunguko mia chache tu halafu inaanza kuchoka. Ya lithiamu inavumilia elfu kadhaa. Sasa ongeza vile sisi huzitumia. Mtu anachukua betri ya gari kuukuu anawasha nayo mashine ya kinyozi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ipumzike. Ukiifanya ibebe TV, redio na balbu tano hadi usiku wa manane, unaiua. Ongeza joto la mabati, ongeza fundi ambaye hakuweka kidhibiti cha chaji ama aliweka feki, na betri ambayo ingeishi miaka minne inaondoka baada ya mwaka na nusu.

Kwa hivyo sola yako ya miaka 25 inaweza kumaliza betri sita, saba, nane kabla paneli izeeke. Fanya hesabu ya risasi hiyo. Halafu zidisha kwa ploti yenu, kisha kwa Pipeline nzima.

Hizo betri hazipotei. Jamaa wa mkokoteni anapita akipiga kelele, anapima kwa kilo, anakupa pesa ya unga na mboga. Wewe umefurahi, yeye amefurahi. Mara nyingi kabla ya kusafirishwa inatobolewa, asidi inamwagwa kwa mtaro ili mzigo uwe mwepesi. Asidi hiyo imebeba risasi. Kisha kuna mahali inapasuliwa kwa shoka, sahani za risasi zinatolewa, na zinayeyushwa. Ikiwa ni kiwanda kinachofuata sheria, moshi unachujwa na wafanyakazi wana barakoa, wanaoga na kubadilisha nguo kabla waende nyumbani. Ikiwa ni sufuria na moto wa mkaa nyuma ya karakana, moshi unaenda kwa jirani na vumbi linabaki kwa udongo.

Najua kuna mtu anasema natia chumvi. Basi twende Mombasa.

Pale Changamwe kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Karibu watu 3,000. Kando ya ukuta wa mtaa huo kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu, risasi ya kuuzwa nje ya nchi. Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Hospitali zikajaribu hiki na kile, hadi alipopimwa damu ikapatikana na risasi. Mama alikuwa anaipeleka nyumbani bila kujua, kwa maziwa ya kifua chake.

Omido aliacha kazi akaanza kuuliza maswali. Watoto wengine wakapimwa, ikawa ni hivyohivyo. Aliandamana, akakamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuamuru udongo usafishwe. Serikali, ikiwemo NEMA ambayo kazi yake ni kutulinda, ilipatikana na lawama pamoja na wenye kiwanda. Mahakama ya Rufaa ikayumbisha uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Hesabu miaka. Kutoka 2009 hadi 2024 ni miaka kumi na mitano. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati huo sasa yuko sekondari. Na hukumu ya korti, hata iwe tamu vipi, haitoi risasi kwa mfupa wa mtoto.

Kwa sababu hapo ndipo inakaa. Risasi ikiingia mwilini inajifanya kalisi, inajificha kwa mifupa na meno, na kutoka humo inaweza kurudi kwa damu miaka mingi baadaye, kwa mfano mwanamke akiwa mjamzito. Mtoto mdogo anaifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na yeye ndiye anacheza chini na kuweka vidole mdomoni. Inapunguza damu, inaumiza tumbo na figo, lakini kibaya zaidi ni ubongo. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, ana hasira. Mwalimu anasema ni mtundu. Mama anaambiwa hajui kulea. Hakuna anayefikiria udongo wa nje ya nyumba. Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema wazi hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama. Na mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi nyingi kupita kiasi mwilini, na uyeyushaji holela wa betri ukatajwa kama moja ya sababu kubwa.

Sasa, kuna msee atasema, "Unataka kuwanyima vijana kazi ya skrepu." Hapana. Nina marafiki kwa hiyo kazi, na wao ndio wa kwanza kuumia. Kama si wao, hizo betri zingekuwa Dandora zikivujia mto. Kijana wa mkokoteni anafanya kazi ya kukusanya ambayo kampuni zilipaswa kufanya, bila glavu, bila bima, bila hata kuambiwa anashika nini. Usimlaumu. Tazama juu yake.

Juu yake yuko nani? Yuko aliyeingiza betri nchini na kupata faida. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sihitaji digrii kuelewa hili: ukileta sumu ndani ya sanduku na ukaiuza, sanduku likizeeka bado ni lako. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inasema karibu hivyohivyo, kwamba mzalishaji na mwagizaji wanawajibika kwa bidhaa hadi mwisho wa maisha yake. Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuidai. Karatasi tunazo.

Kilichokosekana ni duka la kukurudishia betri. Mwaka jana nilikuwa na taa ya sola iliyokufa, ile ndogo yenye betri ndani. Nilirudi dukani nikauliza inarudishwa wapi. Jamaa wa kaunta, wala hakuwa na ubaya, akaniambia, "Tupa tu, bro, nunua ingine." Nikauliza kama inaweza kufunguliwa, fundi abadilishe betri pekee. Ilikuwa imebandikwa gundi pande zote. Betri ya bei ndogo imekufa, na kwa hiyo balbu nzima, paneli nzima, waya nzima ni takataka. Hiyo ni tabia ya biashara, na tumeizoea hadi tunadhani ndivyo vitu hukufa.

Na usiniambie haiwezekani kurudisha vitu Kenya. Tumekuwa tukirudisha chupa za soda tangu tukiwa watoto. Ulikuwa huwezi kutoka kwa kiosk na chupa bila kuacha pesa ya chupa, na hakuna aliyehitaji semina kuelewa. Mtungi wa gesi je? Hakuna mtu anaunyofoa na kuuzika nyuma ya nyumba. Unaenda nao mtupu, unarudi nao umejaa, kwa sababu mtungi una thamani na mfumo upo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani ukinunua betri ya gari bila kurudisha ile ya zamani unaongezwa pesa, na unarudishiwa ukiileta. Matokeo yake karibu betri zote za aina hiyo zinarudi kiwandani. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena na tena. Ikishikwa vizuri, betri hii ni kati ya vitu vinavyorejelewa zaidi duniani. Ikishikwa vibaya, ni Owino Uhuru.

Kwa hivyo pendekezo langu ni fupi: betri iwe kama mtungi wa gesi. Bei iwe na amana ndani, muuzaji yeyote wa betri alazimike kupokea ya zamani, na kijana wa skrepu alipwe zaidi akiileta nzima, ikiwa na asidi yake, kuliko akiileta imetobolewa. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Ukilipa kwa kilo ya risasi, unamlipa mtu kumwaga asidi.

Serikali ikitaka inaweza. Januari 2022, baada ya vyuma vya nguzo kubwa za stima kuibwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya skrepu nchini kwa miezi kadhaa. Nguzo ilipoguswa, amri ilitoka siku hizohizo. Damu ya watoto wa Changamwe ilipoguswa, ilichukua miaka kumi na mitano na korti tatu. Hiyo inakuambia nini kinahesabiwa kama mali ya umma.

Paneli zenyewe nazo zitafika zamu yake. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria mwaka 2016 kwamba kufikia 2050 dunia inaweza kuwa na tani milioni 78 za paneli zilizokufa. Nyingi ni kioo na alumini, kidogo ni fedha, shaba na risasi ya kulehemu. Si mzigo wa kutisha kama betri, na tuna muda. Lakini muda ndio huohuo tulikuwa nao kwa betri tukaulala.

Wakati tunangoja wakubwa, haya yako ndani ya uwezo wako. Kabla ununue, uliza maswali manne: betri ni ya aina gani, itaishi miaka mingapi nikiitumia kila usiku, inaweza kufunguliwa na fundi, na ikikufa mnaichukua? Kama mfuko unaruhusu, lithiamu ya LiFePO4 ni ghali leo lakini kwa miaka kumi mara nyingi inatoka rahisi. Kama ni ya risasi, usiimalize hadi mwisho, acha ibaki nusu, na usikubali kuunganishiwa bila kidhibiti cha chaji.

Ikikufa, usiipasue na usimwage asidi. Usiiweke mahali mtoto anacheza. Iuze au irudishe ikiwa nzima. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki, na betri za simu na taa ndogo zisitupwe kwa jalala wala kuchomwa, maana lithiamu ikitobolewa inawaka moto kweli. Na kama mtaani kwenu kuna mahali wanayeyusha betri kwa moto wa wazi, hiyo si kelele ya majirani ya kuvumilia. Piga picha, andikia NEMA, andikia MCA wako, na mpeleke mtoto apimwe damu.

Jumamosi hii kama uko mjini, ingia duka lolote la sola. Usinunue kitu. Uliza tu lile swali la nne, kwa sauti, wateja wengine wakisikia. Mmoja akiuliza ni msumbufu. Hamsini wakiuliza, mwenye duka atampigia simu mwagizaji mwenyewe.